Mama Alikuwa Mjukuu wa Mtemi

Kijiji cha Samuye,
S.L.P. 87,
Shinyanga.
18 Agosti, 1996

Mpendwa kaka Stanslaus,

Shikamoo. Hamjambo huko Lindi? Wifi Mwamvua na mtoto wetu Valerian wanaendeleaje? Sisi afya tunazo, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Najua telegramu ilikufikia tukiwa tumeshamzika mama. Usijilaumu, kaka, njia ni ndefu.

Nakuandikia yale ambayo telegramu haikuweza kubeba.

Unakumbuka mama hakuwa na ndugu hata mmoja. Alijua tu kwamba alizaliwa Geita, kwenye kambi ya wachimbaji dhahabu, na kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alipozidiwa mwezi wa tano aliniomba, "Justa, nitafutie watu wangu. Nisife kama mtu aliyeota porini."

Nikaenda Geita. Bibi kizee mmoja aliyewahi kuwapikia wachimbaji alimkumbuka bibi yetu: alifika kambini akiwa mjamzito, akitokea Kishapu. Basi na mimi nikaenda Kishapu, nikaulizauliza mpaka nikafikishwa kwa Mzee Eustace. Kaka, bibi yetu alikuwa binti wa mtemi! Kwao kiti cha utemi kilirithiwa na watoto wa mabinti. Mtemi alipofariki, waliokitaka kiti walimtishia bibi kwa ajili ya mimba ile, akakimbia. Mimba yenyewe ndiyo mama. Mzee Eustace ni mtoto wa mdogo wake bibi, yaani ni mjomba wetu.

Nilirudi na furaha isiyo na kifani. Mama alinisikiliza, akatabasamu, halafu akauliza, "Walijua nilipo?"

Sikuweza kumdanganya. Mjomba alikuwa ameniambia wazi kwamba walijua tangu zamani yuko Samuye, lakini wazee waliogopa asije akadai kiti. Na hata utemi ulipofutwa, wakaona aibu kuja.

"Nilizika watoto watatu," mama akasema, "sina hata ndugu wa kunishika mkono. Kumbe walijua."

Hakuzungumza tena habari za ukoo. Alifariki wiki hiyohiyo, asubuhi, nikimnywesha uji.

Ukoo ulikuja na ng'ombe na ngoma, wakitaka kumchukua wakamzike kwenye makaburi ya watemi. Nikawakatalia. Mama alitaka kulala karibu na baba. Maneno yalikuwa makali. Kisha mjomba akavua koti, akaingia kaburini, akachimba na vijana mpaka mwisho, mzee wa umri ule, machozi yakimtiririka. Nilimsikia akisema, "Dada, nimechelewa."

Sasa anaomba twende Kishapu tukatambulishwe. Mimi, kaka, nikimwona namhurumia, nikimkumbuka mama nashindwa. Wewe ndiye mkubwa. Njoo tuamue pamoja, maana peke yangu siwezi kusema ndiyo wala hapana.

Shangazi Lusia anakusalimu sana, na jirani yetu Mwigulu anasema kaburi amelizungushia miiba, mbuzi hawafiki.

Mungu awalinde wote hapo nyumbani kwako, na akufungulie njia uje salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Justa