Kaseti ya Mheshimiwa

Buyenzi, Agosti 2002

Mdogo wangu Soumaya, salamu zikufikie huko Uvira,

Jana nimecheka mpaka kilemba kikafunguka! Unajua kila redio nikishaitengeneza naijaribu kwa kurekodi chochote kilicho hewani. Hivyo ndivyo mwaka jana nilivyomnasa mbunge wetu Audace akifoka, wauaji wa chama kingine walipoachiwa.

Sasa aliyemuua mumeo Massoudi, mutu wa chama cha Audace, kafungwa miaka ishirini, kakaa miezi kumi na minne, katoka. Jana Audace kaita mkutano, kakodi vipaza sauti vyangu, kasema, "Korti imeamua, tunyamaze."

Mi nikabonyeza kaseti ile ya mwaka jana. Sauti yake ikanguruma: "Muuaji akiachiwa, anayenyamaza ni mwenzake!"

"Zima, mama!"

"Apana, mheshimiwa, hapo umesema vizuri!"

Uwanja mzima ukacheka, ukapiga makofi, ukamngoja. Hakuwa na pa kupita. Kasaini ombi la kesi kusikilizwa upya, wa kwanza kati yetu mia tatu na nane.

Lakini aliyeshuhudia mauaji ni we peke yako. Kitanda nimeshatandika. Njoo useme.

Dada yako mkubwa,
Mwanvua