Onyo la Kakuma, Maji ya Oropoi

Nyinyi mnaouza kando ya laga ya Kakuma, ule mto wa mchanga mkavu, na mnaomcheka mwanamke akikusanya bidhaa zake mapema, fungeni midomo. Barua hii inawahusu, kwa hiyo naiweka yote gazetini kama ilivyonifikia.

*

Bibi Aregae, ejok. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ananicheka au ananyamaza. Mimi naitwa Nyaruach, nimetoka Sudan Kusini, nauza mitumba kando ya laga hapa Kakuma, na msichana wangu Akuol yuko gredi ya sita, shule yake iko ng'ambo ya laga, kwa hiyo kila siku anavuka ule mchanga kwenda na kurudi. Mwaka huu niliweka kwenye simu app ya hali ya hewa inayotoa onyo, nikaandika Kakuma, nikaikubalia kila kitu, basi ikawa inalia asubuhi na mchana, mara upepo, mara joto, mara ngurumo, na mimi kila ikilia nafunga nguo kwenye shuka na kukimbia, na jua linawaka tu, hadi wenzangu wakanipa jina, nikipita wananiuliza, "Mama Mvua, leo tunaogelea saa ngapi?" Nikachoka, nikazima sauti, nikawa naiangalia tu kwa macho. Wiki iliyopita niliiangalia, ikaniambia Kakuma hakuna mvua, na kweli mbingu ilikuwa safi, halafu nikaona ulimi mdogo wa maji unatembea kwenye mchanga na Akuol ameanza kuvuka, na sikushtuka, kwa sababu kwetu Bentiu maji hupanda polepole, unayaona yanakuja, unajenga ukuta wa tope, unahamisha ng'ombe, hata unapika kwanza, kumbe hapa maji hayapandi, yanakimbia, na kabla sijamaliza kumwita mtoto yalikuwa yamemfika kifuani, na kama si Deeq, yule Msomali muuza sukari, aliyeingia akamshika kwa begi la shule, leo ningekuandikia barua nyingine. Tangu siku hiyo nimemfungia nyumbani. Yeye analia anataka shule, mtihani uko karibu, na mume wangu Lam anasema, "Toa hiyo app, inakula bando na haina akili." Mke wa Deeq, Ayaan, ana duka upande wa shule, amesema maji yakija mtoto akae kwake, lakini mimi sijazoea kuombaomba, na hata dini yetu si moja. Bibi, nifute app, Akuol abaki nyumbani mpaka mvua ziishe?

Nyaruach, Kakuma

*

Nyaruach binti yangu, pole. Tulipofika pale pa begi nilimwambia Faiso, anayenisomea barua hizi hapa Lodwar, asimame kidogo. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

App haikudanganya. Uliiuliza juu ya mbingu ya Kakuma, ikakujibu juu ya mbingu ya Kakuma. Nani alikuambia maji ya laga yanatoka juu ya kichwa chako? Mtoto wa Kiturkana akiwa na mbuzi kwenye laga anatazama milima, hatazami mawingu yake mwenyewe. Mvua inanyesha kule Oropoi, karibu na Uganda, watu wa huko wanalowa, wewe unaanika nguo, halafu maji yanakukuta jua likiwaka.

Kwa hiyo fungua app, pale pa kuongeza mahali uandike Oropoi. Ikisema haipajui, usiibembeleze. Fungua ramani, fuata laga kwa kidole mpaka milimani, bonyeza hapo. Kakuma iache nayo. Mimi hapa nimeweka Namoruputh na Lorugum, kule yanakotoka maji ya laga zetu, na shule niliiona kwa nje tu, lakini simu yangu inanitii kwa sababu niliiambia ninachotaka. Wewe uliiruhusu iseme kila kitu, sasa unalalamika ina mdomo. Joto la Turkana nani halijui? Zima onyo la joto, zima la upepo. Bakisha mvua kubwa na mafuriko, uzipe mlio wake mkali, usifanane na wa mtu anayepiga. Kisha uingie pale pa betri, useme app hii isilazwe simu ikiokoa chaji, kwa maana onyo lililolala halina faida. Na bando uliangalie kabla Akuol hajatoka. Lam akinung'unika, mwambie bando hununuliwa tena.

App ikinyamaza, bado una macho. Ulimi wa maji kwenye mchanga mkavu, hapa kwetu huo ndio mwisho wa kuvuka. Akuol alijue hilo hata akiwa hana simu.

Hao wa Mama Mvua wasikusumbue. Umefika nchi usiyoijua, ukajifunza simu peke yako, ukakimbia na mzigo watu wanacheka, na ilipolia tena ukakimbia tena. Mimi najivunia mwanamke kama huyo. Ujinga wako ni kuizima sauti kwa ajili ya watu ambao hata shuka hawakukusaidia kufunga.

Na mtoto anayelilia shule unamfungia? Wengine tunawasukuma kwa fimbo ndiyo waende. Onyo la Oropoi likija asubuhi, havuki. Likija akiwa darasani, unampigia Ayaan, anamzuia, analala huko. Ayaan hukumwomba, alikupa mwenyewe. Mume wake aliingia majini bila kuuliza mnasali wapi, wewe unaulizia dini ya godoro?

Weka gazeti hili chini, utengeneze simu. Leo hii, jua likiwa bado juu, mchukue Akuol mwende kwa Ayaan, umshukuru Deeq kwa mdomo wako, na mtoto auone mlango atakaokimbilia. Kesho umvishe yunifomu, aende shule.