Mikwaruzo ya Jiwe la Nyumbani

Grindelwald, Uswisi
Agosti 1843

Mpendwa dada Lovina,

Nakusalimu wewe, na kwa kinywa chako namsalimu Baba, maana macho yamemgomea na najua wewe ndiye unayemsomea barua zangu baada ya chakula. Je, kikohozi kimempungua? Mimi ni mzima, ila viatu vimekwisha na jibini la huku limenikinaisha. Natamani mkate wako wa mahindi.

Paris nilikutana na maprofesa. Nikala nao, nikachoka nao. Huku milimani ananiongoza mzee Melchior, mtu wa mizaha. Jana aliniuliza mbona wageni wenzangu huja kutazama vilele, na mimi nainama tu, kwani nimepoteza sindano?

Nilikuwa nimeinamia mwamba. Dada, unalikumbuka jiwe letu nyuma ya kanisa la Baba, tulilokuwa tukiteleza juu yake mpaka nguo zinachanika na Mama anatukimbiza na ufagio? Baba alitushika vidole, akavipitisha kwenye mikwaruzo yake mirefu, akatuambia ni alama za Gharika ya Nuhu. Kila masika alilihubiri. Nimekumbuka sauti yake na harufu ya nyasi mbichi, nikalia mbele ya Melchior bila aibu.

Hapa, Lovina, acha kusoma kwa sauti. Mwambie mwandiko wangu hausomeki.

Mikwaruzo ya mwamba huu ni ileile ya jiwe letu. Nimeiona ikitokeza chini ya barafu ya mlima, inayoteremka polepole ikiburuta mawe, nayo ni mipya kabisa. Jiwe letu halikukwaruzwa na Gharika. Ni barafu, iliyowahi kuifunika Vermont yetu yote. Wataalamu wa Boston wameniomba nihutubie juu ya jambo hili nikirudi Amerika, nami nimekubali. Magazeti yataandika, na unawajua majirani zetu, hawatalala kabla hawajamfikishia Baba. Naogopa kumvunja moyo mzee aliyenifundisha kutazama kwanza, ndipo niseme. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Sitapanda jukwaani kabla sijamkalisha juu ya jiwe lile, nikavishika vidole vyake kama alivyovishika vyangu, nikamwambia mwenyewe. Akinifukuza, na anifukuze. Ninachohofia hasa ni kikohozi kile, nisije nikachelewa. Meli yangu inaondoka mwezi ujao.

Sasa endelea kwa sauti.

Baba, nimeizunguka Ulaya na sijaona jiwe linalonivuta kama letu. Tafadhali nisubiri, tuliguse pamoja.

Ni mimi mwanao,
Asahel