Mshumaa Haukuzimika

Rwamgasa,
Geita.
14 Aprili, 1953

Mpendwa Kaka Bartholomeo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Muheza, na kwamba miba ya mkonge haijaimaliza mikono yako. Ile homa uliyotuandikia imekwisha? Huku mvua ni nzuri, mihogo imesimama, na ng'ombe wa mama wana maziwa mpaka tunawagawia majirani.

Kaka, kama unasoma umesimama mbele ya watu, nenda kwanza chumbani kwako uketi.

Herman hatunaye. Mdogo wako alifariki Jumatatu ya Pasaka, tukamzika kesho yake. Walitaka kukupelekea simu ya maandishi, nikakataa. Maneno matatu ya simu yangekueleza nini? Mimi nilikuwapo, acha nikueleze mwenyewe.

Tulipewa mapumziko mgodini. Herman akasema tumeishi chini ya ardhi kama fuko, sasa twende juu tukapunge upepo. Baada ya misa tukapanda mlima, mimi, yeye na Donatus, yule mpiga baruti mwenzetu. Tulibeba mablanketi, turubai, mguu wa mbuzi na gunia la mkaa. Jumapili ile ilikuwa raha tupu, kaka! Tulikula nyama tukilitazama ziwa kwa mbali, na Herman hakunyamaza kumtaja mchumba wake Scolastika, mpaka Donatus akamtishia kumfunga mdomo kwa blanketi.

Jumatatu mchana mvua ikatupiga. Tukakimbilia lile tundu ubavuni mwa mlima, walilochimba watafuta dhahabu wa zamani. Donatus akawasha mkaa kwenye debe, tukafunga turubai mlangoni kuzuia baridi. Kisha Herman akafanya anavyofanya kila mtu wa shimoni: akawasha mshumaa, akausimamisha chini, akautazama. Ukawaka vizuri.

"Hewa safi," akasema. "Ndivyo kaka alivyonifundisha."

Wakajilaza. Mimi na kikohozi changu cha vumbi la mawe tukafukuzwa. "Toka nje, mzee wa kifua, tulale!" Nikatoka nikiwatukana, nikajikunyata chini ya jabali.

Mvua ilipokatika nikafunua turubai. Mshumaa ulikuwa ukiwaka. Nikamvuta Herman mguu, nikamwambia amka, ng'ombe wa mahari wametoroka. Hakucheka. Nikawaburuta nje wote wawili, nikapiga yowe mpaka wachungaji wakaja. Donatus alitapika, akazinduka. Herman hakuzinduka.

Dresa anayetutibu mgodini anasema hewa iliyochoka ya shimoni huuzima mshumaa, lakini sumu ya mkaa haiuzimi. Mtu anakufa na mshumaa unawaka. Nani kati yetu alilijua hilo? Sikulijua mimi, hukulijua wewe, wala mnyapara aliyekufundisha enzi zako za shimoni hakulijua. Najua utajilaumu usiku na mchana. Nakukataza, ingawa mimi ni mdogo wako.

Ninalokuomba ni moja tu: njoo. Mama mkubwa, mama yako, hali chakula. Amekataa kunyolewa, anasema matanga hayatoki mpaka mwanawe aliyebaki akanyage uani kwake. Uji anaurudisha na nguo zinamvuka mwilini. Omba ruhusa, na wakikunyima, uache huo mkataba uje. Ukichelewa tutachimba kaburi la pili, na simwambii mtu mwingine neno hili ila wewe.

Donatus anakusalimu, kichwa bado kinamuuma na kazini hajarudi. Scolastika anakusalimu pia, yuko hapa kwetu, ndiye anayemwogesha mama mkubwa.

Nimalizie hili. Kila asubuhi mama mkubwa ananiita mwana kwa Kisukuma chake, "Ng'wanone, mwanangu alikufa gizani?" Nami namjibu, hapana mama, mshumaa ulikuwa unawaka. Hapo hutulia, akanywa maji kidogo. Siku nzima hatii kingine kinywani. Basi ukifika, kaka, akikuuliza juu ya ule mshumaa, mwambie uliwaka vizuri. Usiongeze neno.

Mungu akufungulie njia, akufikishe ungali na mama.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Theonest