Macho Mekundu ya Amina

Jumatatu, 4 Februari 1980

Watoto saba leo. Uji uliungua chini, nikachota wa juu. Mtoto wa mwalimu alilia mpaka saa nne, kisha akalala ghafla mkononi mwangu. Nguo zimejaa kwenye kamba. Mgongo unauma.

Jioni nimeandika tangazo jingine kwenye karatasi ya manila: WATOTO WANALELEWA HAPA CHECHELESI, NYUMA YA POSHOMILI YA UNGA, KUANZIA SAA KUMI NA MBILI NA NUSU. Mwenye duka amekubali nilibandike mlangoni kwake.

Mume wangu, Baba Kendi, bado yuko Rapsu, shambani. Hajui nimefikisha watoto saba. Nitamwandikia.

Ijumaa, 8 Februari

Nimezunguka na Habiba, Mama Amina, kwenye nyumba za wafanyabiashara wa mifugo. Bila yeye nisingefika hata mlangoni. Mimi Mmeru wa kanisani, wao Waislamu. Nani atanipa mtoto nimlishe? Yeye anatoa salaam, anaketi, anaongea Kiborana. Mimi nashika kikombe tu. Halafu anageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Amina wangu yuko kwake tangu aache kunyonya. Chakula chake nakijua. Mikono yake naijua."

Mama Kaltuma amekubali. Na jirani yake pia. Jumatatu watakuwa tisa.

Nimefurahi mpaka naona haya. Habiba alikuwa jirani. Sasa ni dada.

Jumatatu, 11 Februari

Siku ya kwanza ya Kaltuma. Miaka miwili, mnene, hamwogopi mtu.

Amina ameletwa na macho mekundu. Pua inatiririka. Leso imefungwa kichwani mpaka mashavuni. Nilimgusa, mwili moto. Nikamuuliza Habiba.

"Ni vumbi na mafua, Mama Kendi. Nimeshampa dawa."

Alikuwa anachelewa kazini. Anapiga taipu kwenye ofisi ya serikali na mkubwa wake ni mkali. Sikupenda yale macho. Lakini nitamrudishaje mlangoni mtu aliyenitafutia watoto? Nikamlaza Amina kwenye mkeka pamoja na wenzake.

Mchana hakula. Kaltuma alijaribu kumlisha ndizi.

Jumatano, 13 Februari

Amina haji tangu jana. Habiba anasema amempeleka kwa nyanya yake Garba Tulla, abadilishe hewa. Haya.

Jumamosi, 23 Februari

Mtoto wa mwalimu ana homa tangu juzi. Jana Kaltuma alichukuliwa mapema, analialia, macho mekundu.

Macho yale yale.



Jumatatu, 25 Februari

Surua. Watoto wanne.

Mwalimu alikuwa darasani, kwa hiyo mtoto wake nilimbeba mimi mgongoni mpaka zahanati. Dresa anayetibu pale alimfungua mdomo, akatazama, akakasirika.

"Yule mama wa kwanza nilimwambia! Jumamosi, wiki mbili zilizopita, kabla hata ya vipele. Nilimwonyesha vidoa vyeupe ndani ya shavu. Nikasema mtoto asitoke nyumbani."

Nikauliza mama gani.

"Karani wa taipu. Si ni jirani yako?"

Nilirudi kwa miguu. Njia siikumbuki.

Jumanne, 26 Februari

Nilimkuta Habiba anachemsha maziwa. Alianza kulia kabla sijamaliza kusema.

"Nimeshaonywa mara mbili. Nikikosa siku moja tena, kazi imekwisha. Ungemkataa Amina, ningempeleka wapi?"

Nikamwambia angenieleza ningemlaza peke yake chumbani kwangu. Maziwa yakafurika, hakuna aliyeyashughulikia.

Ameahidi kuwaambia akina mama yeye mwenyewe, Ijumaa, hapa kwangu. Ameniomba nisimtangulie. Nimekubali. Nina hasira, lakini nimekubali.

Ijumaa, 29 Februari

Walikuja saba, tukakaa uani. Mama Kaltuma hakuja. Yuko hospitali na mtoto, hali si nzuri. Alimtuma dada yake.

Nilimngoja Habiba. Akasimama, akajifunga mtandio vizuri.

"Sote tumeumia. Hata Amina wangu aliipata humu humu. Mimi ndiye niliyewaleta kwa huyu mama. Nawaomba msamaha."

Humu humu.

Nilisema si kweli. Nilisema waende kwa dresa wakamuulize. Sauti ilinitoka vibaya, kama ya mtu anayejitetea. Dada yake Mama Kaltuma akanigeukia.

"Wewe umejua lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni Ijumaa."

Walikusanya shuka na vikombe vya watoto wao. Habiba aliwasaidia kukunja.

Jumapili, 2 Machi

Tangazo limebanduliwa dukani. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Namchukia. Mdomo ule ule ulionifungulia milango ndio uliowaondoa watoto kwangu. Ningemsamehe uongo wa asubuhi ile, maana aliogopa. Huu wa uani alikuwa na siku tatu za kuufikiria.

Na mimi niliyaona macho ya mtoto. Hilo nalo ni langu.

Alhamisi, 13 Machi

Kaltuma ametoka hospitali. Mzima. Jicho la kushoto lina doa jeupe, halioni vizuri.

Nimekwenda peke yangu. Sijui Kiborana, nikapiga hodi kwa Kiswahili. Mama Kaltuma alifungua mwenyewe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba Amina alikuja akiwa na homa, nikaiona, nikamruhusu aingie kwa sababu sikutaka kumuudhi mama yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa dresa nilishakwenda," akasema. "Ya Habiba nayajua. Nilikuwa nangoja kama utaleta ya kwako."

Hakunikaribisha chai. Hakunifukuza pia. Kaltuma alikuja akanishika sketi, akageuza kichwa sana ili anione.

Nimelia njiani kote.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua asubuhi. Mtoto mmoja, wa mke wa polisi aliyehamia juzi. Nilimweleza habari ya surua mlangoni, kabla hajaketi. Alifikiri kidogo, kisha akauliza nafungua saa ngapi.

Mchana Amina amejipenyeza kwenye ua, matope mpaka magotini. Binti anayekaa naye siku hizi alikuwa amesinzia. Amekaa kwenye mkeka kama hajawahi kuondoka. Nilimwosha miguu. Nikawapa viazi, yeye na mwenzake.

Saa kumi na moja Habiba amefika, akasimama nje. Ameita jina la mtoto, si langu. Nimemfuta Amina mdomo, nimempeleka mpaka langoni, nikamkabidhi mama yake mkono wa mtoto. Hatukusalimiana.

Sijamsamehe. Naandika hivyo nisije nikajidanganya.

Nimeosha sahani mbili.