Mchungwa Asimame

Cwm Helyg, Wales, 3 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje huko Liverpool kwa shangazi? Sisi wazima, mvua tu ndiyo haituachi.

Nimeandika insha ya mashindano ya kijiji, kwa Kiwelisi chetu, kuhusu neno la Kiingereza: greenhouse. Sisi tunasema nyumba ya kioo; wao, nyumba ya kijani. Nilidhani ni rangi ya mbao. Kumbe zamani ilikuwa ya matofali, kioo kidogo tu, na humo waliingiza michungwa isife kwa baridi. Mimea isiyopukutisha majani waliiita "kijani". Nyumba ikachukua jina la wageni wake.

Kwa desturi nimetumia jina la kupanga, Mchungwa. Ila nakiri, nikishinda jina hilo likaitwa ukumbini, sitasimama. Mbele ya watu sauti hunikauka.

Mjukuu wako,
Nest

Liverpool, 11 Februari

Mjukuu wangu Nest,

Marahaba. Nyonga imenuna, na shangazi yako ananilisha uji kama ndama.

Miaka yote nimepanda nyanya ndani ya nyumba ya kioo bila kuuliza jina la Kiingereza limetoka wapi. Sasa namsimulia kila anayepita, hata jirani asiyesikia.

Lakini utasimama. Unajua mwenyewe: mwamuzi akiita, asisimame mtu, kiti cha ushindi hakitolewi na kazi inabaki haina mwenyewe. Ukikaidi nitakuja na magongo yangu, niseme Mchungwa ni mimi. Watamwamini nani, mimi au wewe bubu?

Babu yako,
Idwal

Cwm Helyg, 2 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, mimi sikulala.

Jana ukumbi ulijaa. Mwamuzi aliisifu insha, taa zikazimwa, tarumbeta ikalia, mwamuzi akaita: Mchungwa asimame. Nikang'ang'ania kiti. Ikalia tena. Nyuma yangu Elgan wa darasani akasema, "Mwoga huyo, kajificha chooni." Watu wakacheka.

Babu, woga ukaniisha, ikaja hasira. Wanamcheka Mchungwa wangu? Nikasimama. Taa ikanimulika usoni.

"Wewe?" akasema Elgan.

"Mimi."

Wasimamizi wawili wakanisindikiza jukwaani hadi kwenye kiti cha ushindi. Upanga wa sherehe ukainuliwa juu ya kichwa changu, na kwa desturi ukumbi ukaulizwa mara tatu kama kuna amani, wakaitika kuwa ipo. Mama aliitika huku analia.

Kisha nikaulizwa jina langu halisi. Nikataja langu, la baba, na lako. Waliokaa nyuma hawakusikia, wakaomba nirudie.

Nikarudia, Babu. Wakasikia hadi barabarani.

Mjukuu wako,
Nest