Kibuyu Nilichokiosha

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimepika kama mtu anangoja wageni kumi. Ugali wa wimbi, na chinsaga, mboga yetu ya Kisii, niliyochuma asubuhi na mapema, nikaichemsha mpaka uchungu ukatoka, nikamalizia na maziwa. Mgeni ni mmoja tu — Mama Nelvine. Jina lake ni Chepkirui lakini sijawahi kumwita hivyo, na yeye hajawahi kuniita Nyambeki. Mimi ni Mama Sagini. Basi.

Sijui kama kuna majirani wengine hapa Silibwet wanaoishi hivi. Mimi nasali Jumamosi, yeye Jumapili. Jumamosi nikitoka kanisani siwashi moto, na yeye ananipitishia chakula hapo kwa ua: ugali, mboga, mursik, maziwa yao ya mgando, kwa kikombe cha bati. Jumapili akitoka kanisani kwao anapata sufuria yangu mezani. Miaka kumi na sita! Na sufuria hairudi tupu. Hiyo hatukuiandika popote lakini ni sheria.

Mwanzoni niliogopa. Nikamwendea mzee wa kanisa nikamuuliza: huyu mama akinipikia siku ya Sabato nami nikala, si ni kama mimi ndiye nimemtuma kazi? Mzee akafikiria sana. Akauliza, chakula chenyewe ni kitamu? Nikasema aki ni kitamu. Akasema, basi kula na ushukuru.

Leo amekuja na habari. Koito ya Nelvine imepangwa! Wakwe wanakuja Jumamosi tarehe ishirini na tatu kuzungumza mambo ya ndoa. Jumamosi — nikaweka kijiko chini. Akacheka. Akasema ameshawaambia wasifike kabla ya saa nane, maana kuna mtu lazima atoke kanisani kwanza. Mtu mwenyewe ni mimi! Nani mwingine anaweza kusimamisha wakwe barabarani kwa sababu ya jirani Mkisii anayeuza mboga?

Kesho anaenda Kipkelion kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Wiki moja. Mzee wake yuko kazini Nairobi, Nelvine bado yuko chuo, na Gogo, mama mkwe wake, mkono wake mmoja hauna nguvu. Ng'ombe ni wangu kukamua.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepewa ufunguo wa jikoni. Nimesimama pale ndani nikishangaa tu. Kuni zimepangwa kwa urefu. Unga una kifuniko, chumvi ina kifuniko. Mwanamke huyu!

Kwa ukuta kuna kile kibuyu kikubwa cha mamake, chenye mkanda wa ngozi na shanga. Alipewa siku ya kuolewa. Mamake alishakufa. Maziwa ya kwanza ya wakwe yatatoka humo, halafu kibuyu kinakuwa cha Nelvine. Aliniambia nikamue, nigandishe kwenye kibuyu kile kidogo. Kikubwa nisikiguse, atakijaza mwenyewe akirudi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya kazi leo! Nimefagia jikoni yake yote, nimepaka sakafu, nimeosha sufuria mpaka nikajiona uso.

Nikachungulia ndani ya kile kibuyu kikubwa. Weusi! Umeshika kuta zote, mnene. Najua mursik inatiwa makaa ya ule mti wao, senetwet, nimekunywa hayo makaa miaka kumi na sita. Lakini nilidhani yanawekwa mapya kila mara. Haya ya zamani nikaona yamelala tu humo. Nikasema, maskini, amechoka na shughuli, hajapata nafasi. Kwetu kibuyu cha maziwa tunakisuuza na maji moto, tunakianika, kinakaa cheupe ndani. Basi nikachukua maji moto, sabuni ya unga, na waya ya sufuria nikaifunga kwa kijiti. Nimesugua saa nzima. Maji yametoka meusi mara tisa. Mara ya kumi yametoka safi.

Nimekianika juani. Atafurahi sana akirudi.

Jumatano, 6 Agosti

Ee Nyasae. Ee Mungu wangu.

Gogo amekuja polepole na fimbo yake, akakiona pale juani. Akakishusha. Akaweka pua kwa mdomo wa kibuyu. Akanusa tena. Halafu: "Sapuni."

Nikasema ndiyo Gogo, nimekisafisha! Kwa furaha kabisa, mjinga mimi.

Kiswahili chake ni kidogo lakini alinieleza kila kitu. Hii kitu hapana oshwa na sapuni. Hii inaoshwa na moto. Ule weusi ndio uliokuwa mali yenyewe — mama wa Chepkirui alianza kuupaka, Chepkirui akaendelea, kila maziwa na makaa yake, juu ya yale ya zamani. Na sabuni haitoki. Kibuyu kinainywa.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye nyasi. Nikamwomba, Gogo, usimwambie. Akaniangalia. Akasema: "Mimi sisemi. Utasema wewe." Halafu akanishika kichwa na ule mkono wake mzima, akaenda zake. Angeweza kunitukana mbele ya majirani. Sijawahi kuona mtu mzima namna hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesuuza na maji matupu mara ishirini. Nimetia maziwa, nikangoja, nikamwaga kwa sahani ya mbwa. Mbwa amenusa akaenda.

Mama Nelvine amepiga simu. Ng'ombe yuko salama? Yuko. Gogo anakula? Anakula. Na vibuyu vyangu? Nikasema — mimi, mwalimu wa watoto wa Sabato! — nikasema viko sawa tu. Akasema, kongoi, asante, Mama Sagini, sijui ningefanya nini bila wewe. Hiyo kongoi yake imenichoma mpaka sasa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisani. Watoto wamekariri amri zote kumi bila kosa. Walipofika kwa ile ya kusema uongo nimeangalia dirisha.

Nimejaribu kuomba. Maneno yanatoka, hayaendi popote. Nilitaka kumwambia Mungu anisaidie harufu itoke. Halafu nikajiuliza: ikitoka, nitasema? Nikajua singesema. Basi nikaacha kuomba hiyo, nikaomba tu nipate mdomo.

Chakula cha leo kimetoka kwa Gogo. Ndizi mbili na chai kwa chupa, kwa mkono mmoja, na fimbo. Sikustahili hata hiyo chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Amerudi. Sikumwacha hata aweke mfuko chini. Nimesimama pale kwa geti na kibuyu mkononi, nikasema yote — sabuni, waya, mara kumi, simu. Yote. Hata nilipomwambia viko sawa nilikuwa nimekishika mkononi. Hiyo pia nimesema.

Amekichukua. Amenusa. Ameingiza vidole vitatu ndani, akavitoa, akaviangalia. Vilikuwa visafi. Hapo ndipo macho yake yalijaa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema tu kwamba mamake alikuwa anaimba akikipaka makaa, na yeye amekuwa akifikiria ule wimbo uko humo ndani. Akaingia nyumbani, akafunga mlango taratibu.

Nimemaliza. Nimesema ukweli, na nimempoteza.

Alhamisi, 14 Agosti

Ua wetu huu ni mfupi, unafika kifuani. Leo tumekutana hapo, kila mtu na ndoo yake. Ameniamkia kwa heshima, kama anavyomwamkia mtu wa serikali. Nimejibu. Basi.

Mvua ya mawe imepiga majani chai ya watu mlima wote. Nimesikia watu wakilalamika sokoni, nikatamani shida yangu ingekuwa ni mvua.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna kitu kwa ua. Nilijua, lakini nimechungulia mara tatu. Nimekula viazi baridi vya jana.

Sitaki kumwonea. Ana haki. Nimekaa nikikumbuka mwaka ule Sagini aliumwa typhoid nikalala naye hospitali siku tisa. Mama Nelvine aliuza mboga zangu sokoni kila siku, na Jumamosi hakuuza. Nilimuuliza kwa nini, maana kwake yeye Jumamosi ni siku ya kazi. Akasema mboga ni za Msabato, nazo zinapumzika. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Mtu kama huyo. Na mimi nikamchukulia sabuni ya unga.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepika. Nilijiuliza asubuhi nzima kama ni kumsumbua. Halafu nikasema, Jumapili ni Jumapili. Ndizi za kupondwa, mboga ya managu, nyama kidogo. Nimeweka sufuria kwa mlango wake wakiwa bado kanisani, nikafunika na sahani, nikaweka jiwe juu kwa sababu ya mbwa. Nimekimbia kama mwizi.

Jioni nimechungulia. Sufuria haiko. Jiwe liko.

Jumatano, 20 Agosti

Sufuria haijarudi. Siku tatu! Kwa kawaida ni Jumatatu asubuhi na mayai ndani, ama parachichi.

Lakini nimeona kitu. Nilikuwa nachuma mboga, nikasikia moshi wa senetwet, ile harufu yake siwezi kuisahau. Nimesimama nyuma ya migomba. Mama Nelvine na Gogo wamekaa kwa vigoda, kibuyu katikati yao. Gogo anashika kijiti chenye makaa mekundu, Mama Nelvine anazungusha kibuyu polepole, polepole, makaa yanasagika ndani. Wanamwaga, wanarudia. Ni kazi ya subira ajabu. Miaka yote hii nimekunywa mursik na sijui kama niliwahi kuuliza inavyotengenezwa. Nilikunywa tu, nikafuta mdomo.

Na Mama Nelvine alikuwa anaimba! Kwa sauti ya chini, Kipsigis, sikuelewa hata neno. Nimesimama pale mpaka chinsaga yangu ikanyauka mkononi. Sijui kama ameniona.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa kumi na moja na nusu. Naandika haraka, Sabato inaingia jua likizama na bado sijaoga. Chakula cha kesho kiko tayari. Nguo ya koito nimepiga pasi — ndiyo, nimepiga. Hakuna aliyeniambia nije. Hakuna aliyeniambia nisije.

Nelvine amekuja sasa hivi! Amerudi kutoka chuo jana, amependeza, nywele zimesukwa vizuri. Ameshika sufuria yangu kwa mikono miwili. Shikamoo Mama Sagini. Nikaitikia. Nimefungua: ndani kuna kile kikombe cha bati, kimejaa mursik mpaka juu, kimefungwa na nailoni isimwagike.

Nikamuuliza, hii ni ya kibuyu kipi? Akasema ni ya kile kikubwa. Walimwaga maziwa mara mbili, haya ni ya tatu, yamelala tangu juzi jioni. Gogo ameonja, akasema ni sawa. Mama ameonja, akasema ni sawa. Lakini Mama anasema hawezi kuwapa wakwe mpaka Mama Sagini aonje, kwa sababu ni yeye tu anajua harufu ya hiyo sabuni yake.

Hiyo sabuni yake! Nimecheka, na machozi yakatoka hapo hapo mbele ya mtoto. Nelvine akasema niseme ukweli, hivyo ndivyo Mama amesisitiza, ukweli kabisa, na kama haifai watatumia ya kile kidogo. Amesema atapitia hapa akitoka dukani kuchukua jibu.

Nimeonja.

Ni tamu. Ni kali kidogo, nzito, ina ule moshi. Nimeonja tena nimefunga macho. Mbali, mbali sana, mwisho kabisa wa ulimi — kuna kitu? Ama ni dhamiri yangu inanishtaki? Nimesuuza mdomo na maji, nimeonja mara ya tatu. Sijui. Aki ya Mungu sijui. Nikisema iko sawa na kesho mzee wa wakwe akunje uso? Nikisema kuna sabuni na kumbe hakuna, nimnyang'anye kibuyu cha mamake mara ya pili?

Nitamwambia hivyo hivyo. Kwamba nimeonja mara tatu na sijui, na kama kuna sabuni ni yangu. Sitadanganya tena hata kwa wema.

Jua limefika juu ya majani chai ya ng'ambo. Nelvine bado.

Huyo! Si Nelvine. Ni mwenyewe, yuko kwa ua, anapiga kelele mpaka kuku wanatawanyika: "Mama Sagini! Wewe Mama Sagini! Ni maziwa ama ni sabuni?"

Siku kumi na moja sijasikia jina langu mdomoni mwake. Sijaitika bado. Acha aniite tena mara moja tu, halafu niende.